Nataka Mlango wa Kupiga Hodi

Usiku wa kuamkia Idd ya kuchinja, miaka mitatu iliyopita, niliandika kwenye ukurasa wa mtaa wetu: "Kesho baada ya sala tunachinja. Tunaanza na wale wawili wa mzee wa kona, halafu wa msikitini. Mwenye kisu kikali aje nacho." Mtu yeyote wa Mombasa anajua hapo tunazungumzia mbuzi. Mtandao ule mkubwa tuliokuwa tukiutumia haukujua. Kabla ya Isha ukurasa ulikuwa umeshafungwa, kosa letu likiwa kuchochea mauaji.

Nikakata rufaa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nikaijaza kwa Kiingereza, nikaeleza Idd ni nini na kwamba wanaochinjwa ni mbuzi. Jibu la kukataliwa lilirudi kabla sijamaliza kikombe cha chai. Nikaandika tena na tena. Ukimya.

Siku ya sita jirani yetu mmoja akafariki, mama wa watu aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa. Sisi huzika siku hiyo hiyo. Kwa miaka yote tangazo lilipita kwenye ukurasa ule: jina la marehemu, msikiti, saa ya sala, makaburi. Siku hiyo tukabaki kupigiana simu mpaka salio likatuishia. Shangazi yangu wa Likoni, aliyecheza kibe na marehemu tangu wakiwa wadogo, alipata habari mchana, akavuka feri, akafika jioni. Jeneza lilikuwa limeshatoka. Alisimama pale mlangoni, buibui limejaa vumbi la njiani, akanishika mkono.

"Mwanangu, mbona hamkunambia?"

"Ukurasa umefungwa, shangazi."

"Na nani?"

Sikuwa na jina la kumtajia, wala ofisi ya kumwonyesha. Hata nchi ambako uamuzi ule ulifanyika sikuijua. Mama mtu mzima amekosa kumuaga rafiki yake wa miaka sitini, na aliyesababisha hilo hana uso. Ukurasa haukurudi tena, na kila tulichokiandika humo kilipotea nao.

Swali lile la shangazi ndilo lililonipeleka kwenye mitandao ambayo mimi huiita iliyogatuliwa. Neno ugatuzi Wakenya tunalifahamu tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, na ndilo linalofaa. Mastodon, aliyoianzisha Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, haina makao makuu yanayoshika funguo zote. Ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na maandishi ya watu, kila moja na msimamizi wake na kanuni zake, ila zote zinaelewana kwa itifaki, yaani lugha ya pamoja ya kompyuta, iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018. Ni kama barua pepe: wewe uko kwa huyu, mimi niko kwa yule, na bado tunaandikiana. Msimamizi akikuudhi unahama na wafuasi wako wanakufuata. (Maandishi yako ya zamani hayahami. Weka nakala.)

Wapo wanaoisifu mitandao hii kwamba humo hakuna awezaye kukunyamazisha. Hilo silo, na nashukuru kwamba silo.

Chukua mfano wa Gab, mtandao wa Kimarekani ambako muuaji wa watu 11 katika sinagogi la Pittsburgh alitangaza nia yake Oktoba 2018. Julai 2019 Gab walihamia kwenye programu ya Mastodon. Programu ile ni huria, yeyote anaweza kuichukua, na Rochko hakuwa na njia ya kuwanyang'anya. Lakini seva nyingine zikaanza kufunga milango, moja baada ya nyingine, na baadhi ya programu za simu zikakataa kabisa kufungua anwani yao. Gab waliendelea kusema watakalo, kwao. Majirani hawakulazimishwa kuwafungulia sebule. Kwangu mimi huo ndio uungwana, na sioni haki ya nani iliyovunjwa.

Serikali nazo hazikukaa kimya. Aprili 2025 Bluesky, mtandao mwingine wa aina hii wenye itifaki yake, kwa maombi ya Uturuki, ilificha akaunti 72 zisionekane kwa walioko nchini humo. Maandishi yenyewe hayakufutwa, na, tofauti na kwa wenzao wakubwa, waliosoma kupitia programu nyingine zilizojengwa juu ya itifaki ile ile waliendelea kuyaona. Nostr, itifaki nyingine ya namna hii, imekwenda mbali zaidi: huna akaunti, una ufunguo wa siri tu, na ujumbe wako unarukia mashine nyingi kwa pamoja. Hapo serikali zikaenda kushika mlango wa dukani. Februari 2023 programu ya Damus, inayotumia Nostr, iliondolewa kwenye duka la programu za simu la Apple nchini China siku chache tu baada ya kuingia.

Nostr niliijaribu kwa miezi miwili nikatoka. Mtu akiiba ufunguo wako hakuna wa kumlilia. Akiweka picha ya aibu ya binti yako, hakuna wa kumwambia aitoe. Nilirudi pale pale aliponiacha shangazi, mlangoni, nikiuliza ni nani, safari hii kwa sababu hakuna mtu kabisa. Na mzigo huu si wa kudhania. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza machapisho ya Mastodon kwa siku mbili, wakakuta picha na video 112 za watoto wanaodhalilishwa kingono, ambazo tayari zilikuwa kwenye kumbukumbu za wanaopambana na uhalifu huo. Lazima awepo mtu wa kuziondoa.

Sisi wa Mombasa tunalijua jambo hili tangu zamani, kabla ya simu. Nikilifikiria, huja akilini mwangu vikaratasi vya aina mbili.

Cha kwanza ni cha mwaka 1968, chenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Kijana wa hapa hapa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alikiandika kuihoji serikali ya wakati ule, na kikasambazwa kwa siri, mkono kwa mkono. Kikaratasi cha namna hiyo hakina makao makuu. Huwezi kukifuta, kwa kuwa kila aliyenacho anaweza kukinakili. Serikali haikuhangaika na karatasi, ilimshika mwandishi. Mwaka 1969 alifungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyatunga gerezani aliyaandika kwa kificho kwenye karatasi za chooni.

Vya pili ni vya mwaka 1997. Jioni ya tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika siku zilizofuata watu wakauawa na maelfu wakakimbia makwao. Vilisambazwa vikaratasi vya kuwataka watu wa bara waondoke Pwani. Navyo vilikuwa havina mwenye, navyo vilipita mkono kwa mkono. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka mama akiwalaza watoto watatu wa jirani Mkamba chini ya kitanda chetu, na kutuambia tukiulizwa tuseme ni binamu zetu.

Ndiyo maana hunisikii nikisema maneno yaachiwe yapite tu yote. Njia ile ile ilipitisha swali la haki na ilipitisha amri ya kufukuza watu. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na ibara hiyo hiyo inasema uhuru huo hauendi mpaka kwenye uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Mstari huo naukubali. Tunapogombana ni juu ya nani anauchora, anajua lugha gani, na anapatikana wapi akikosea.

Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulifungua seva yetu ya Mastodon. Ni ndogo, watu mia na kitu, wengi wa Mji wa Kale, Majengo na Likoni. Mashine tunakodi nje ya nchi, tunachangishana kwa M-Pesa kila mwezi. Kanuni tuliziandika kwa Kiswahili, barazani, kwa majuma mawili ya kahawa. Kanuni ya matusi ilipita haraka. Ya watu wa bara na watu wa Pwani ilituchukua jioni tatu, kwa sababu kuna malalamiko ya haki kuhusu ardhi na kazi za bandarini ambayo lazima mtu aweze kuyasema kwa ukali, na kuna namna ya kuyasema ambayo mwisho wake ni watoto chini ya kitanda. Tulikubaliana hivi: lalamikia jambo, lalamikia kiongozi, taja ofisi. Kumwambia jirani arudi kwao, hapana.

Kisha yakanifika mimi. Usiku mmoja wa Ramadhani mwanachama mmoja aliweka picha ya kijana wa miaka kama kumi na sita, uso wazi kabisa, na maneno "Huyu ndiye mwizi wa simu, mkimwona mnajua la kufanya." Nililala na simu mkononi siku hizo. Nikaitoa picha baada ya dakika chache, nikamwandikia mwenyewe kwa nini. Hakunijibu. Alfajiri, narudi msikitini, nikamkuta amekaa kwenye baraza ya nyumba yangu.

"Kumbe na wewe ni wale wale," akaniambia.

Tulikaa pale mpaka jua likatoka. Simu ya mkewe iliibiwa kwenye matatu, alikuwa na hasira, na alikuwa na haki ya hasira. Nilimuuliza, kijana angekutwa na umati saa nne usiku, asubuhi ukagundulika kwamba siye, tungemwambia nini mamake? Alinyamaza muda mrefu. Hakusema nimefanya sawa. Alitaka uamuzi uandikwe na sababu yake iwekwe wazi wanachama wote waione, na wale watatu wengine waseme kama wanakubali. Mmoja hakukubali. Tuliandika hilo pia. Bwana yule bado yuko nasi, na bado tunabishana.

Mdhibiti nilikuwa mimi, sikatai. Lakini aliyedhibitiwa alijua jina langu, alijua mlango wangu, akapiga hodi, na akaondoka na kanuni mpya mkononi. Linganisha na fomu yangu ya mbuzi. Ugatuzi haukuwafanya viongozi wa kaunti kuwa malaika, na hautawafanya wasimamizi wa seva kuwa malaika. Mimi naweza kupendelea ndugu zangu, naweza kuchoka, naweza kulewa na madaraka haya madogo. Hata ujumbe wa faragha kwenye Mastodon msimamizi akitaka anaweza kuusoma, kwa hiyo tuliwaambia watu wetu mapema wasiweke humo siri zao. Kinachonizuia mimi ni kwamba wana pa kunikuta, na wana pa kuhamia.

Yapo ambayo seva yetu haiwezi. Nyaya za intaneti za baharini kama TEAMS na SEACOM zilifika hapa Mombasa mwaka 2009, na Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchi nzima, na sisi tunaokaa karibu kabisa na nyaya tulikuwa gizani kama wa Nairobi. Novemba 2023 na Novemba 2024 Telegram ilizimwa wakati wa mitihani ya KCSE. Njia ikizibwa chini kabisa, ugatuzi wa juu haukusaidii.

Na kubwa kuliko hayo ni mwili wa mtu. Sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2018 ilipopitishwa iliweka kifungo cha hadi miaka kumi kwa habari za uongo zinazozua taharuki. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni juu ya afisa mkubwa wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafa akiwa kizuizini. Maandishi yanaweza kukaa kwenye seva elfu moja, yeye ana shingo moja. Ni kile kile cha 1969. Kwa hiyo anayemwambia kijana "hamia huku, huku huwezi kuguswa" anamdanganya, na uongo huo unaweza kuua. Sisi tunaruhusu majina ya kubuni, hatuombi namba ya simu, na tumeandika kabisa kwenye kanuni kwamba polisi wakija tutataka amri ya mahakama, na mwenye akaunti tutamwarifu kama sheria inaturuhusu. Kama nitakuwa na ujasiri huo siku wakigonga kweli, namwomba Mungu anipe.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Hatuwezi kuufikia tukiwa wanne, wote wa Kiswahili na wote wanaume, jambo ambalo shangazi amelisema mara mbili. Tunatafuta anayejua Kidigo, anayejua Kigiriama na anayejua Kikamba, na angalau wawili wawe wanawake, kwa sababu mashambulizi dhidi ya wanawake ndiyo tunayochelewa kuyaona. Kazi haina malipo na inakatiza usingizi. Tunakutana Jumamosi baada ya Alasiri, kwenye baraza ile ile. Shangazi atavuka feri, amesema ataleta mahamri.