Fuata maji ya Mtera mpaka yanakotoka

Sijui mtu wa Dodoma ambaye hajala samaki wa Mtera. Perege wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, mafuta yakipenya mpaka vidoleni, basi limesimama dakika tano na abiria wote shingo nje ya madirisha. Lakini muulize huyo mtu maji ya bwawa lile yanatoka wapi. Atakuonyesha upande wa Iringa kwa kidole, na mazungumzo yataishia hapo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka Septemba mwaka jana, nilipomchukua mama yangu tukaenda kuyafuata.

Nimeamua kuandika kwa sababu naona tunakosea. Mtumishi wa Dodoma akipata likizo anawaza Zanzibar, au Arusha akiwa na uwezo. Siku hizi treni ya SGR imetufikisha Dar kwa saa chache, basi ndiyo kabisa, macho yote yako mashariki. Barabara ya kusini tumewaachia madereva wa malori na wenye misiba Iringa na Mbeya. Nayo ndiyo barabara inayotulisha. Ukiifuata siku nne tano unaona tembo, unaona historia ya kumtoa mtu machozi, unaona mashamba ya chai yasiyo na mwisho, na vyote hivyo vimeunganishwa na jambo moja ambalo sisi watu wa nchi kavu tunalijua thamani yake kuliko wengi. Maji.

Mama alizaliwa Mvumi na amelima uwele na karanga maisha yake yote. Nilipomwambia tunakwenda hifadhi ya Ruaha alishangaa. "Mwanangu, simba nimewasikia wakinguruma nikiwa mtoto, na kesho yake tukahesabu mbuzi. Leo nilipe hela niwafuate kwao?" Nikamwambia safari si ya simba tu. Akakubali, nadhani kwa ajili yangu.

Kutoka Dodoma mpaka Iringa ni kama kilomita 260, lami tupu. Mnapita Fufu na mibuyu yake, vumbi jekundu, mbuzi barabarani, kisha ghafla maji yanafunguka upande wa kulia. Bwawa la Mtera lilijengwa miaka ya 1970 ili kuweka akiba ya maji kwa ajili ya kituo cha Kidatu kule chini, chenye megawati 204. Mtera yenyewe ikaanza kufua umeme mwaka 1988, megawati 80. Maji yakishatoka Kidatu yanaendelea mpaka Rufiji, yanaingia Bwawa la Julius Nyerere. Maji yale yale yanafanya kazi mara tatu. Ninapowasha taa yangu hapa Area C, sehemu ya mwanga ule imepita mbele ya tembo kabla ya kunifikia. Hilo silisemi kwa mapambo, ndivyo mto ulivyo: Ruaha Mkuu unapita hifadhini kabla ya kuingia Mtera.

Baada ya Mtera kuna Migori, halafu basi linaanza kupanda Nyang'oro. Mama alijifunga kanga ya pili kabla hata hatujafika kileleni.

Iringa tulijiunga na watu wengine watatu, tukachangishana gari la kuingia nalo hifadhini. Hili naomba lisikilizwe vizuri na wanaosema utalii ni wa Wazungu. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana kulinganisha na cha mgeni. Kinachoumiza ni gari, na gari likigawanywa kwa watu watano sita linabebeka. Yule aliyetupangia safari alitaka tupite moja kwa moja hadi getini. Nilipotaja Kalenga alisema tusipoteze muda, "pale kuna fuvu tu." Nilikataa, na wenzangu nawashukuru walikataa pamoja nami.

Maana Kalenga iko njiani. Ni kilomita 15 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ile ile ya kwenda Ruaha, kando ya mto Ruaha Mdogo. Magari ya watalii yanapita pale yakitimua vumbi kila siku ya kiangazi, na mengi hayasimami. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Jina la Iringa lenyewe linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Mwezi Agosti 1891 Wahehe walilivizia jeshi la Wajerumani pale Lugalo na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walijipanga upya, na Oktoba 1894 wakaja na mizinga wakaivunja Kalenga. Mkwawa hakujisalimisha. Alipigana msituni miaka karibu minne mingine, na Julai 1898, walipomzingira Mlambalasi, akajipiga risasi mwenyewe. Wakakata kichwa chake, wakakipeleka Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, unalitaja fuvu hilo katika kifungu cha 246 na kuitaka Ujerumani ilirudishe. Halikurudi. Lilirudi mwaka 1954, miaka 56 tangu lilipoondoka, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Ni huyo huyo Adam Sapi aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Sisi tunaopita mbele ya jengo la Bunge asubuhi na jioni tungepaswa kulijua hilo kama tunavyojua jina la mtaa wetu.

Makumbusho ni nyumba ndogo. Fuvu liko ndani ya kioo, na ni dogo kuliko nilivyotarajia. Mama alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma. Lazima niseme kitu hapa. Sisi Wagogo hatukulelewa kumpenda Mkwawa. Wahehe walikuwa wakija kupora ng'ombe Ugogo, na bibi mzaa mama alikuwa akimnyamazisha mtoto anayelia kwa kumwambia Wahehe wanakuja. Kwa hiyo sikujua mama angesema nini. Aliposogea akasema taratibu, "Kumbe alikaa ugenini miaka yote hiyo, peke yake." Nje, mama mmoja mtu mzima akamsalimia, "Kamwene." Mama akaitikia kwa Kigogo, "Mbukwa." Wakashikana mikono wakacheka, kila mmoja na lugha yake, wakaanza kuulizana habari za mvua.

Ndiyo maana siukubali utalii wa kukimbilia mnyama. Mnyama ukimkosa leo utamwona kesho. Kalenga ukiipita, umepita juu ya mtu.

Siku ya pili tuliingia hifadhini. Ruaha imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964, na baada ya bonde la Usangu kuongezwa mwaka 2008 eneo lake lilizidi kilomita za mraba 20,000. Simba tuliwaona, watano, wamelala kivulini na matumbo yamejaa. Tandala tuliwaona, twiga wengi mno. Sitawahesabu wote hapa. Kilichobaki kichwani mwangu ni mto.

Ruaha Mkuu mwezi wa tisa si mto tena. Tuliukuta vidimbwi vya maji ya kijani, viboko wamebanana ndani kama watu kwenye daladala ya saa kumi na mbili, na kati ya kidimbwi na kidimbwi ni mchanga mweupe unaoumiza macho. Kwenye korongo moja la mchanga tulikuta familia ya tembo. Jike mkubwa alikuwa amesimama peke yake kidogo, anachimba. Anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anaukomba kwa mkonga, anaumwaga pembeni, anarudia. Shimo lilikuwa jembamba, refu kama mkono wa mtu. Alipofika kwenye unyevu aliacha, akasubiri. Hakunywa. Alisubiri maji yajikusanye, akavuta ya kwanza yenye tope akayatema, akasubiri tena. Ndipo akanywa, na mtoto akaja kusukuma kichwa chini ya mkonga wake.

Mama alikuwa ameshika nondo ya dirisha la gari kwa mikono miwili. "Anachimba kama sisi," alisema. "Ya kwanza unamwaga. Ndivyo tulivyofanya."

Sikuwahi kuisikia hadithi ile. Alitueleza pale pale, gari limezimwa, jinsi wakiwa wasichana walivyoamka usiku kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, kila ukoo na shimo lake, kata ya kibuyu mkononi, na jinsi unavyojifunza kutofanya haraka kwa sababu ukichota kwa pupa kuta zinaporomoka na unaanza upya. Tembo yule alikuwa anajua yote hayo. Wenzetu garini waliacha kupiga picha wakawa wanamsikiliza mama.

Mto huu haukuwa hivi. Ulianza kukauka kabisa kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo hukauka karibu kila mwaka. Sababu iko juu, Usangu. Kule kuna ardhioevu ya Ihefu, ambayo ni kama beseni, na mdomo wa beseni ni mwamba pale Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya usawa wa mwamba ule, hakuna tone linalotoka kuelekea hifadhini. Maji ya mito inayoingia Ihefu huchepushwa kwenda mashamba ya mpunga, na makundi makubwa ya mifugo yaliwahi kuingia kwenye ardhioevu yenyewe. Ni rahisi kumnyooshea kidole mkulima wa Mbarali, huko huko Usangu. Mimi siwezi, kwa sababu mchele wake naununua soko la Majengo na nikiupika majirani wanauliza unanukia nini. Ninachosema ni kwamba sisi tunaokula mchele ule, tunaowasha umeme ule, tunaokula perege wale, tuna wajibu wa kwenda kumwona tembo anayechimba. Tukishamwona tutajua tunazungumzia nini tunaposikia habari za mifereji, vibali vya maji na vyanzo kwenye taarifa ya habari.

Isimila, kilomita 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, tulipita asubuhi ya siku ya nne. Nguzo za udongo mgumu zilizochongwa na mvua, ndefu kama minara, na zana za mawe za watu walioishi hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Inatosha nusu siku, ila nendeni mapema kabla ya jua.

Kisha Mafinga, kisha tukakodi Noah kwenda kwenye chai ya Mufindi. Njiani ni misonobari ya Sao Hill kilomita kwa kilomita, na ukungu. Halafu miti inaisha na vilima vyote vinakuwa kijani, kijani iliyokatwa sawasawa juu kama nywele za mwanafunzi. Nimekunywa chai kila siku ya maisha yangu na nilikuwa sijawahi kuuona mti wake.

Mchumaji mmoja, dada wa rika langu, alituonyesha. Unachukua majani mawili na chipukizi katikati, basi. Jani la tatu limeshakomaa, linaharibu chai. Vidole vyake vya gumba na shahada vilikuwa na rangi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Alisema jani likishachumwa halisubiri, lazima lifike kiwandani siku hiyo hiyo, linyaushwe, lisagwe, liachwe libadilike rangi, likaushwe. Zaidi ya kilo nne za majani mabichi zinatoa kilo moja tu ya majani ya chai. Mama alitafuna moja bichi, akakunja uso kwa uchungu wake. "Mbona si chai?" Dada yule akamjibu, "Bado, mama. Chai inatengenezwa."

Miaka mingi chai yetu nyingi ilikwenda kuuzwa mnadani Mombasa, na mwaka 2023 ndipo mnada wa Dar es Salaam ulipoanza. Nimefurahi. Lakini mnunuzi wa kwanza wa chai ya Mufindi anapaswa kuwa mimi na wewe, tukijua imetoka kilima gani na vidole vya nani.

Ruaha Mdogo unaanzia kwenye nyanda hizi za Mufindi. Unapita Iringa mjini, unapita Kalenga, unakutana na Ruaha Mkuu, na pamoja wanaingia Mtera. Misitu ikibaki juu huku, mto unabaki. Nilimweleza mama hivyo usiku ule tukiwa tumejifunika mablanketi mawili kila mmoja. Hakusema kitu, nikadhani amelala.

Kesho yake basi la kurudi liliposimama Mtera, wauza samaki walikuja mbio kama kawaida. Mama hakutazama samaki. Alihamia siti za upande wa kushoto, bwawa liliko, akamwomba kijana wa dirishani ampishe kidogo. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, yameacha ufuko mpana wa tope lililopasuka, na miti mikavu imesimama katikati. Akayatazama mpaka basi lilipoondoka.

"Yamechelewa," alisema, kama anayezungumzia wageni anaowafahamu.

Nikanunua perege wanne, mmoja wa jirani aliyetulindia kuku.