Msasa Huanza Kabla ya Moto

Wengi wetu tunaotengeneza visu kwa mikono hutenganisha moto na umaliziaji kana kwamba ni kazi mbili zisizojuana: kwanza bapa lipashwe moto na kuchovywa katika mafuta ili liwe gumu, kisha ndipo lisuguliwe hadi ling'ae. Kwa maoni yangu, mazoea hayo yameharibu visu vingi kuliko ubovu wa chuma chenyewe.

Nililijua hilo kwa hasara. Niliwahi kuchovya bapa lililokuwa bado na mkwaruzo mrefu wa tupa ubavuni, na nilipolitoa na kulifuta mafuta, nikakuta ufa mwembamba kama unywele umeufuata mkwaruzo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Chuma kinapopoa ghafla, nje na ndani havibadiliki kwa pamoja, na mvutano unaozuka hutafuta mahali palipokwisha kukatwa. Tangu siku hiyo silipeleki bapa motoni kabla ya kulisugua kwa msasa wa namba 220 (namba ikizidi, msasa huwa laini zaidi), kwa kufuata urefu wa bapa, huku makali nikiyaachia unene wa milimita 1 hivi, maana yakiwa membamba zaidi ni rahisi kupinda au kupasuka.

Chuma chenye kaboni ya asilimia 0.8 hivi huacha kunaswa na sumaku kinapofika kati ya nyuzi joto 730 na 770 za Selsiasi. Mimi hungoja kipite 800 kidogo, ndipo nikichovye katika mafuta yenye uvuguvugu. Tupa ikiteleza juu yake bila kung'ata, ugumu umeshika. Lakini ni ugumu wa kioo, unaovunjika upesi, kwa hiyo ili kuupunguza kidogo, siku hiyo hiyo bapa huingia katika oveni kwa nyuzi 200 hivi, saa mbili, mara mbili. Hata hapo msasa unahitajika, kwa sababu nisiposugua sehemu ndogo mpaka iwe nyeupe, ile rangi ya majani makavu inayoonyesha kwamba joto limefika haitaonekana chini ya masizi.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote huja mwishoni, penye mashine ya kusagia. Sekunde chache tu zatosha kuitia ncha rangi ya buluu, na buluu hiyo ina maana kwamba joto limekaribia nyuzi 300 na ugumu umepungua, hata rangi ikifutwa. Huniuma sana kuona mtu akiifuta kwa msasa laini na kumkabidhi mnunuzi kisu kinachong'aa, naye mnunuzi atakuwa akikinoa kila siku huku akidhani hajui kunoa.

Mimi hulishika bapa kwa vidole vitupu, bila glavu, na joto linapoanza tu kusikika nalitumbukiza katika ndoo ya maji iliyo karibu na goti langu. Kisha mashine huzimwa, na hatua zilizobaki hufanywa kwa mkono hadi msasa wa namba 400.