Waulizeni wagonjwa bila kuwagombeza

Nimesoma makala kuhusu kuchanganya mitishamba na dawa za hospitali; mwandishi wake anataka mgonjwa akianza vidonge vya hospitali aache mitishamba yote. Kwenye karatasi ni ushauri mzuri, ila mtaani haufuatwi; watu wanakunywa vyote viwili na kunyamaza. Shangazi yangu ana kisukari, anameza glibenclamide, na kila jioni alikuwa akinywa kikombe cha muarubaini uliochemshwa mpaka ukawa mweusi. Vyote viwili vinashusha sukari. Alfajiri moja tulimkuta anatetemeka, kanga imelowa jasho, maneno hayaeleweki. Bahati nzuri alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari. Kliniki walishamuuliza anatumia dawa gani, akataja vidonge tu. Aliogopa kugombezwa.

Makala pia imezungumzia ini na figo, haikugusa damu wala moyo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, akianza kubugia vitunguu saumu vingi kila siku (eti vya presha!), hatari ya kutokwa damu inaongezeka. Shubiri nayo ikimharisha mtu sana hupunguza potasiamu mwilini, madini ambayo moyo unayahitaji upige vizuri, na kwa anayetumia digoxin, dawa ya moyo, huo si mzaha. Hata juisi ya balungi hugongana na baadhi ya dawa za presha.

Hapa Tanzania tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga, limetokana na sheria ya 2002. Mimi ningeanzia hapo: mganga aliyesajiliwa asimpe mteja chupa kabla hajaviona vidonge anavyomeza.