Kimulimuli kiniambie nifanye nini, si wewe ni nani

Sheria za vimulimuli, yaani taa zinazomulika juu ya magari ya dharura na ya kazi, ukizisoma za nchi mbalimbali, hushughulika zaidi na cheo. Nani aweke taa ya bluu, nani nyekundu, nani aishie kwenye rangi ya chungwa. Naona zimeanza upande usiofaa. Taa ile hailengi aliye ndani ya gari lenyewe. Inamlenga dereva wa gari jingine, mwenye sekunde chache za kuamua, naye anataka kujua jambo moja tu: apishe, apunguze mwendo, au aendelee na safari yake?

Kwa sasa jibu hutegemea yuko wapi. Uingereza bluu ni ya polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na wengine wachache wa dharura, na daktari aliyesajiliwa akiwahi mgonjwa anaruhusiwa kijani. Katika jimbo la New York, bluu hiyohiyo huwa kwenye gari binafsi la mzimamoto wa kujitolea, na kijani ni ya wahudumu wa kujitolea wa magari ya wagonjwa. Wote wawili wanaomba ustaarabu tu, maana taa hizo haziwapi ruhusa ya kupita kwenye taa nyekundu. Ontario, Kanada, bluu inamulika juu ya magari ya kuondoa theluji. Japani polisi na magari ya wagonjwa hutumia nyekundu, na bluu wanapewa raia wanaofanya doria za kuzuia uhalifu mitaani. Anayedhani rangi zina maana ya asili inayoeleweka kila mahali, ajaribu kuendesha gari katika sehemu hizo nne.

Katazo la kuiga sina ugomvi nalo. Kanuni za taa za magari za Uingereza za mwaka 1989 zinazuia gari lisilo la dharura kufungwa taa ya bluu ya tahadhari au hata kitu kinachofanana nayo, na haijalishi kama kinawaka au kimeharibika. Ukali huo una sababu. Mtu akishapishwa mara moja na kimulimuli cha bandia, gharama hailipi yeye. Inamwangukia mgonjwa wa kesho ambaye gari lake halitaaminiwa.

Shida yangu iko kwa wale wanaostahili. Kimulimuli cha bluu kinabeba ujumbe mbili zinazopingana. Kikija kwa kasi nyuma yako kinasema: nakuja, nipishe. Kikiwa kimesimama kando ya ajali kinasema: nipo hapa, usinigonge. Rangi ni ileile, mapigo ni yaleyale, na mara nyingi ukali wa mwanga ni uleule. Usiku, ukiliona kwa mbali kwenye barabara iliyonyooka, si rahisi kujua kama gari lile linatembea au limesimama, na kosa la kukadiria hapo ndilo linaloua watu waliovaa vizibao vya kuakisi mwanga.

Wajerumani wamelikaribia suala hili kuliko wengi. Kifungu cha 38 cha kanuni zao za barabarani kinatofautisha: taa ya bluu pamoja na king'ora ni amri, kila mtu afungue njia mara moja, taa ya bluu peke yake ni onyo tu, kwa mfano kwenye eneo la ajali au msafara, ya njano inaonya kuhusu hatari. Mantiki yake ni nzuri, ila imeweka tofauti kwenye sikio. Dereva aliyefunga vioo na kuachia muziki hakisikii king'ora hicho. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu trafiki, kwenye ibara ya 34, nao unazungumzia kupisha gari linalokaribia likiwa na ishara za mwanga na za sauti. Neno la muhimu hapo ni kukaribia. Lililosimama halikaribii.

Halafu kuna jicho lenyewe. Mwaka 1819 mwanasayansi wa Kicheki, Jan Evangelista Purkyně, aliona kwamba giza linapoingia, nyekundu hufifia haraka na bluu hubaki inang'aa. Mchana jicho huhisi zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 555, yaani kijani chenye unjano. Gizani kilele kinasogea hadi karibu nanomita 507, kuelekea bluu. Kwa hiyo bluu inayoonekana kwa taabu kwenye jua kali ndiyo inayochoma macho saa sita usiku. Taa za LED zimeongeza makali hayo. Mzimamoto anayevuka mbele ya gari lake linalomulika humezwa na mng'ao wa taa iliyowekwa imlinde. Kanuni Na. 65 ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, inayotaka taa hizi zipige kati ya mara 2 na 4 kwa sekunde, ina daraja la taa zenye viwango viwili vya mwanga, cha mchana na cha usiku. Pia ina daraja la taa zenye kiwango kimoja tu. Hilo la pili ningelifuta bila kuumiza kichwa.

Rangi ya chungwa, ambayo ilipaswa kuwa lugha ya kitu kilichosimama au kinachokwenda polepole, tumeichakaza wenyewe. Inawashwa na gari la kuvuta magari mabovu likirudi tupu, na kila pikapu yenye ngazi juu yake. (Wanaowasha indiketa zote nne kwa sababu wameamua kuegesha panapokatazwa, hao nawaacha na dhamira zao.) Uingereza, gari la kuokoa magari mabovu linaruhusiwa kuwasha taa hiyo likiwa kazini jirani na ajali au gari lililoharibika, au likiwa linalivuta. Nje ya hapo izimwe. Ndivyo inavyotakiwa.

Ninachotaka ni hiki: gari la dharura likisimama, bluu ipungue makali na kasi, na rangi ya chungwa ichukue nafasi ya mbele upande magari yanakotokea. Najua polisi watasema nini, kwamba bluu inaheshimiwa na chungwa inapuuzwa. Kwa leo wana haki. Ndiyo maana siwaombi wazime bluu kabisa; ibaki moja, iliyofifishwa, ieleze tu kwamba kuna mamlaka pale. Nchini Marekani majimbo yote 50 sasa yana sheria ya kumtaka dereva ahame njia au apunguze mwendo anapopita gari la dharura lililosimama kwa kazi, na mengi yameongeza magari ya kuvuta na ya ukarabati wa barabara. Wajibu wa dereva umeandikwa. Taa ya kumkumbusha wajibu huo peke yake, bila kuuchanganya na ule wa kupisha, ndiyo bado.

Mabadiliko hayo pia yasiachiwe kumbukumbu ya dereva wa gari la wagonjwa, ambaye akifika eneo la ajali anaruka nje na mkoba mkononi. Mfumo unaobadili mwanga wenyewe breki ya mkono inapovutwa unawezekana kiufundi, na baadhi ya magari ya dharura tayari yanao. Iwe lazima kwa kila gari jipya linaloomba kibali cha bluu.