Dawa za mifupa na implanti: mfupa tunaujadili kila siku, ufizi je?

Ukiuliza kwenye kliniki za meno hapa Kampala kama mtu anayetumia dawa za kuimarisha mifupa anaweza kuwekewa implanti, ile skrubu ya titaniamu inayofungwa kwenye taya ili ishike jino bandia, utapewa majibu mawili tofauti na kila mmoja anajibu kwa uhakika kabisa. Kuna musawo, yaani daktari, atakwambia usithubutu, taya litaoza. Mwingine mtaa wa pili atakwambia hamna shida, watu kibao wamewekewa na zimeshika vizuri tu. Mimi kazi yangu ni meno, nimewasikia wote, na naona wote wanaongelea mfupa. Ufizi, ile nyama inayoizunguka implanti pale juu, haumo kwenye mjadala, na mimi naamini ndio unaoamua mengi.

Kwanza tuelewane dawa zenyewe manake watu wanazichanganya sana. Kuna kundi la bisfosfoneti, humo ndani kuna alendroneti ambayo wengi wanaijua kwa jina la Fosamax, kile kidonge cha mara moja kwa wiki, na kuna zoledroneti ambayo ni dripu. Alafu kuna denosumabu, hiyo ni sindano ya chini ya ngozi. Zote lengo lake moja, kuzizuia zile seli zinazokula mfupa wa zamani, osteoklasti, ili mfupa usiendelee kupungua. Ila dozi zinatofautiana mno na hapo ndipo mabishano mengi yanapotea njia. Mama mwenye osteoporosi, ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu, anapata zoledroneti miligramu 5 mara moja kwa mwaka, basi. Mgonjwa wa kansa ya matiti au ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa anapata miligramu 4 kila wiki 3 au 4, yaani ndani ya mwaka ameshapokea karibu mara 10 ya yule mama. Denosumabu hivohivo, miligramu 60 kila miezi 6 kwa osteoporosi, na 120 kila wiki 4 kwa kansa. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa za mifupa na implanti haziendani, muulize kwanza: dawa ipi, na anatibiwa nini?

Woga wenyewe ulianza mwaka 2003, pale Robert Marx, daktari wa upasuaji wa taya kule Miami, alipoandika kuhusu wagonjwa 36 waliokuwa kwenye bisfosfoneti, wengi wao wa kansa, mfupa wa taya ukabaki wazi mdomoni, unauma na ufizi haurudi kuufunika. Siku hizi mfupa ukikaa wazi zaidi ya wiki 8 kwa mtu anayetumia hizi dawa na hajawahi kupigwa mionzi ya kutibu kansa kwenye taya, inahesabiwa ni mfupa uliokufa kwa ajili ya dawa. Ni jambo baya, nani asiogope. Mfupa wenyewe ukiuona una rangi ya kijivu iliyochanganyika na njano, ukiupitishia chuma unakwaruza, na mgonjwa anakwambia haumwi pale penyewe, anaumwa pembeni penye nyama.

Lakini mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji wa taya cha Marekani kilipokusanya tafiti zote, hesabu ilikuwa hivi: kati ya watu 10,000 wanaotumia bisfosfoneti kwa osteoporosi, wanaopata tatizo hilo ni kama 2 hadi 5. Kwa denosumabu ya osteoporosi inaweza kufika 30. Kwa wagonjwa wa kansa wanaotumia zoledroneti ndio inapanda, tafiti nyingi zinaiweka chini ya 5 kwa kila 100. Na kuhusu implanti zenyewe, waliofuatiliwa wakiwa wanakunywa vidonge vya osteoporosi, implanti zao zilishika karibu sawa na za watu wengine. Hapo upande wa wanaosema hamna shida wana haki, na ukimnyima jajja, bibi mzee, mwenye kidonge chake cha wiki implanti eti taya litaoza, unamtisha kwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye ufizi. Jino la asili limeshikwa na ufizi kwa nyuzi za kolajeni zinazoingia kabisa ndani ya mzizi, na chini yake kuna utando wenye mishipa ya damu mingi. Implanti haina huo utando. Nyuzi za ufizi haziingii kwenye titaniamu, zinaizunguka na kupita sambamba nayo, yaani ufizi umeibana implanti kama kola ya shati inavyobana shingo, umeigusa lakini haukushonwa nayo. Damu inayofika hapo pia ni kidogo. Kwa hiyo hata kwa mtu asiyetumia dawa yoyote, hapo ndipo bakteria wanapenda kupitia, na wakishaingia uvimbe unashuka kwa haraka kuliko kwenye jino.

Ongeza dawa hapo. Kwenye maabara, seli za ufizi zikiwekewa zoledroneti zinapunguza kuzaliana, zinakuwa nzito kusogea kuziba kidonda, na dozi ikipanda zinakufa. Mishipa midogo ya damu nayo inachipua kwa shida. Sababu ni kwamba bisfosfoneti hizi zinaziba njia fulani ya kemia ndani ya osteoklasti, na njia hiyohiyo imo ndani ya seli za ufizi. Na hata bila maabara, angalia maelekezo ya kile kidonge cha wiki: kunywa na glasi nzima ya maji, usilale nusu saa, usikitafune wala kukimung'unya. Kwa nini? Kwa sababu kinachoma koo, na wazee waliokiacha kiyeyuke mdomoni wameshapata vidonda. Kwamba hii dawa ikigusa nyama laini inaiumiza, hilo halina ubishi.

Ila ubishi upo kwenye swali linalofuata, je, dawa iliyomezwa ikaenda kukaa kwenye mfupa inarudi kuudhuru ufizi kwa kiasi cha kuleta shida? Hapo mimi nawasikiliza sana wanaopinga. Dozi nyingi za maabara ni kubwa kuliko kinachofika kwenye ufizi wa mtu anayekunywa kidonge kimoja kwa wiki, na kwenye kisahani cha maabara hakuna damu ya kuiondoa. Pia kule India wamefanya majaribio kadhaa ya kuweka jeli ya alendroneti ndani ya mifuko ya fizi zenye ugonjwa, yaani nafasi zinazofunguka kati ya jino na ufizi, na mfupa ukajaa vizuri zaidi, na Sweden kundi la Per Aspenberg mwaka 2012 walitoa matokeo ya implanti za meno zilizopakwa bisfosfoneti kwa wagonjwa, zikashika kwa nguvu kuliko zisizopakwa. Kama dawa ingekuwa sumu ya ufizi kwa kiasi chochote, hayo yangetokea vipi?

Na hoja kubwa kuliko zote ni denosumabu. Hiyo ni kingamwili, haikai kwenye mfupa miaka na miaka kama alendroneti, na haina ile kemia ya kuziba seli za ufizi. Lakini mfupa wa taya kufa inaleta vilevile, hata kuzidi kidogo. Kwa hiyo anayesema ufizi unakufa kwanza kwa sumu ndio mfupa unafuata, amebaki na deni la kueleza denosumabu.

Mimi nimefika hapa: sumu kwenye ufizi inaweza kuwa inachangia kwa wagonjwa wa dripu nyingi, sidhani kama inafanya kitu kikubwa kwa mama wa kidonge. Kinachowaunganisha wote ni uvimbe na uchafu. Mfupa uliozuiwa kujitengeneza upya hauna namna ya kujitetea bakteria wakishaufikia, na kwenye implanti wanaufikia kwa kupitia ile kola. Ushahidi unaonisumbua zaidi ni wa watu waliowekewa implanti miaka nyuma, zikashika vizuri, alafu baadaye wakaanza dawa za mifupa, na mfupa ukafa kuizunguka implanti wakati hakuna aliyewakata wala kuwachoma chochote mdomoni. Huwezi kusema ni upasuaji hapo.

Ndio maana swali la nani aulizwe nini naliona kubwa kuliko ndiyo au hapana. Fomu zetu za mapokezi zinauliza presha, kisukari, mimba, HIV, mzio wa penisilini, basi. Mama anakaa kwenye kiti, unamuuliza:

"Mama, kuna dawa unatumia?"

"Hapana musawo, ni ya presha tu."

Unaendelea kuvaa glavu, alafu unarudi, "hakuna sindano umechomwa ya mifupa, au dripu?"

"Eee, ile ya mwaka? Ile nilimaliza."

Kwake ilishaisha siku ileile dripu ilipotolewa mkononi. Hajadanganya, kwa akili yake dawa ni kitu unachokimeza kila asubuhi. Na aliyemchoma ni wa hospitali nyingine, faili hazionani, kwa hiyo usipouliza kwa maneno hayo hayo, sindano, dripu, ya mwaka, ya miezi sita, hutajua. Na kama ni wa kansa aulizwe mara mbili, manake kwake ile dripu ya mifupa imechanganyika na kemo zote.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuisimamisha dawa miezi michache, weka implanti, kisha arudie. Hapa naomba tuwe waangalifu sana. Alendroneti ikishaingia kwenye mfupa inakaa miaka, kuisimamisha wiki chache hakubadilishi kitu cha maana. Denosumabu ndio hatari, ukichelewesha sindano mfupa unapungua kwa kasi na watu wamevunjika pingili za mgongo, tena kadhaa kwa pamoja. Kinachopendekezwa ni kupanga upasuaji miezi 3 au 4 baada ya sindano ya mwisho, ili inayofuata isichelewe sana. Mzee akivunjika nyonga kijijini Kasese anaweza asisimame tena, na hilo halifanani na pengo la jino. Daktari wa meno asimsimamishie mtu dawa bila kuongea na aliyemwandikia.

Kwa kansa msimamo wangu ni mkali: aliye kwenye dripu za kila mwezi asiwekewe implanti, hata kama pesa anayo na anaomba. Kazi ya meno ifanyike kabla ya dripu ya kwanza, meno mabovu yang'olewe, ufizi ujifunge ndio aanze. Najua ugumu wake, mtu ametoka Arua na basi la usiku, anaambiwa dripu ni leo, nani atamrudisha akasubiri kidonda cha jino kipone? Lakini Taasisi ya Kansa iko kwenye kilima cha Mulago hapa Kampala, na shule ya meno ya Makerere iko kilima hichohicho, kumvusha mgonjwa kuangaliwa mdomo asubuhi ileile hakuhitaji jengo jipya.

Na kwa huyu mama wa kidonge ambaye mimi nasema apewe implanti yake, shida yetu ni namna tunavyoiuza. Bei inatajwa moja, skrubu na jino, analipa, anaondoka na hatumuoni tena mpaka iume. Kipimo cha ufizi ni kifaa chembamba cha plastiki, unakiingiza taratibu pembeni mwa implanti, unasubiri sekunde chache uone kama damu inachungulia. Ikitoka damu bado una nafasi, unasafisha, unamfundisha brashi, mambo yanarudi. Ukishaona usaha na nyuzi za skrubu ziko nje, mfupa umeshaguswa. Miezi 3 hadi 6 kati ya kuangaliwa na kuangaliwa, mimi ningeiingiza kwenye bei tangu siku ya kwanza, na akiwa na kisukari au anatumia steroidi ningeanza na hiyo mitatu.

Asiyeweza kuwekewa implanti tusidhani meno ya plastiki ya kuvua ni salama tu kwa vile hakuna kukata. Kwa wagonjwa wa dripu, plastiki inayosugua ufizi wa chini upande wa ulimi, ambako nyama ni nyembamba sana juu ya mfupa, imeshafungua mifupa ya watu wengi. Itengenezwe pana, iwekwe tabaka laini ndani, ivuliwe usiku, na akirudi kusema inabana apokelewe siku hiyohiyo.