Kichwa Kilichotikisika na Yoga ya Kuinama

Mtu akianguka na bodaboda au akigongana vichwa uwanjani, kisha CT, yaani kipimo cha picha za ndani ya kichwa, ikaonyesha hakuna damu iliyovujia ndani, hupewa ushauri wa aina mbili: alale gizani mpaka apone, au arudi kazini kwa kuwa picha ni safi. Naupinga wote. CT huona damu na mfupa uliovunjika, haioni mtikisiko wa ubongo, yaani seli zake kuvurugika utendaji. Na kuhusu giza, wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mapumziko makali hayaharakishi kupona. Pumzika kwa kiasi saa 24 hadi 48, punguza simu na televisheni, kisha anza mwendo mwepesi.

Yoga ya nyumbani inaweza kuingia hapo, ila si ile ya video iliyoandikwa "kwa wanaoanza". Nyingi ya video hizo zina mzunguko wa salamu ya jua: unainama, unainuka, unainama tena. Kichwa kikishuka chini ya moyo, damu hukijaa na maumivu hupanda. Kikiinuka ghafla, mfumo wa sikio la ndani unaotunza mizani, ambao mara nyingi huvurugika kwa pigo hilohilo, hukuletea kizunguzungu na kichefuchefu. Anayeswali huenda ameshaligundua hilo kwenye sijida, na ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi ipo. Juu ya hayo, unaitazama video kwenye skrini inayomulika, huku shingo imepinda. Afadhali mtu akusomee hatua.

Kabla ya kutandika mkeka, jipe alama ya dalili zako kuanzia 0 hadi 10. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Utakuwa umeziba kengele yenyewe. Dalili zikipanda zaidi ya alama 2, acha. Zikipanda kidogo na kutulia ndani ya saa moja, hilo linavumilika. Zisipotulia, siku inayofuata fanya nusu yake.

Dakika 10 zinatosha kuanzia. Keti kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara kumi, bila kuibana. Pumzi za kasi za kupiga tumbo ziache kabisa, kwa sababu huweza kuleta kizunguzungu. Kisha piga magoti na mikono kama paka, ukunje na kunyoosha mgongo huku shingo ikibaki imenyooka na macho yakitazama alama moja sakafuni. Watu huharibu hapa: mgongo unakunjwa vizuri, lakini kichwa nacho kinayumba juu na chini.

Mkao wa mtoto, yaani kukalia visigino na kuinamia mbele, ufanye kwa mito iliyopangwa hadi paji la uso lilale usawa wa nyonga au juu kidogo. Mto mmoja mwembamba hautoshi. Kwenye kusimama wima, jiweke kwenye kona ya ukuta, macho wazi. Kuyafumba kunakuondolea msaada mkubwa ambao mizani bado inautegemea. Maliza kwa kulala chali, mto mdogo chini ya kichwa. Kuinuka ndiko kunakoangusha wengi: geukia ubavu, subiri pumzi tano, sukuma kwa mkono, kichwa kiwe cha mwisho kupanda.

Ukitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, usingizi ukawa mzito usio wa kawaida, ulimi au mkono ukalegea, mboni za macho zikatofautiana ukubwa, ukapata degedege, au majimaji yakatoka puani au sikioni, nenda hospitali wakati huohuo.

Siku kadhaa zikipita bila dalili kupanda, rudisha kuinama kwa ngazi: kwanza viganja ukutani, siku nyingine kwenye kikalio cha kiti, mwishowe sakafuni, pumzi tatu tu kila mara. Mambo yakivurugika, rudi ngazi moja nyuma. Kizunguzungu kikiendelea zaidi ya siku 10, mtafute mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia mizani na shingo. Kusimama kwa kichwa kungojee ruhusa ya daktari, hata kama unajisikia mzima, kwa sababu kuanguka kunaweza kukupa pigo la pili kabla la kwanza halijapona.