Shilingi kumi ya mama yule

Juma lililopita, barazani kwetu, mzungumzaji mmoja alisimama akasema kitu cha bure hakithaminiwi, na kwamba mgonjwa asiyechangia chochote atayachezea matibabu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na mpaka leo yananiuma.

Yalishapimwa. Hapa hapa Kenya, upande wa magharibi ambako malaria haibanduki, wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikwenda kwenye kliniki za wajawazito. Kwa bahati nasibu, kliniki nyingine zikatoa neti bure, nyingine zikaziuza, bei ya juu ikiwa shilingi 40. Kati ya bure na hiyo 40, waliochukua neti waliporomoka kwa pointi 60 za asilimia. Arubaini tu! Kisha wakawafuata kina mama majumbani kuangalia kama neti imetundikwa. Waliopewa bure hawakuzitelekeza zaidi ya walionunua. Wakapima na damu: walionunua hawakuwa na upungufu wa damu zaidi ya wajawazito wengine. Kwa hiyo bei haikumchagua mwenye shida zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa 2010, na kila anayepanga ada ya matibabu angepaswa kuyajua kama anavyojua jina lake.

Mimi sikuhitaji kuyasoma ili niamini. Baada ya 2004, ada iliposhushwa ikawa shilingi 10 kwenye dispensari na 20 kwenye vituo vya afya, nilikuwa kwenye foleni ya dispensari moja. Mbele yangu mama na mtoto wa miaka kama minane, sikio linatoa usaha. Akafungua fundo la leso, akahesabu sarafu, akazihesabu tena. Alikuwa ameshanunua daftari la kuandikiwa. Akalifunga lile fundo taratibu, akamwambia mtoto, "Twende, tutarudi jioni." Nilikaa pale mpaka dispensari ikafungwa. Hawakurudi. Ada hiyo ilifutwa 2013.

Haya, nakubali: dawa haziokotwi njiani, na dispensari isiyoletewa hela hubaki na rafu tupu. Ndiyo maana kuna kodi.

Kinachonikera ni kwamba tumerudi pale pale. Huduma ya dispensari ni bure, sawa. Lakini mama mboga akitaka bima ya afya ya serikali imlipie kulazwa hospitalini, anadaiwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu uliowekwa ni alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Yaani 3,600 kwa uchache, kutoka kwa mtu anayenunua sukuma wiki alfajiri kwa hela ya jana. Ikiwa shilingi 40 iliwarudisha nyumbani wajawazito wengi kiasi kile, tulitarajia nini hapa?

Ninachoomba kinawezekana, maana kwenye neti kilifanyika. Chukueni masoko kadhaa, myagawe kwa bahati nasibu: hapa watu walipe bima kila siku, pale kila wiki, kwingine aliye hoi asilipe kabisa. Mkae mwaka mmoja mkihesabu nani amefika hospitali na nani amebaki kitandani kwake. Halafu ndipo mwandike kanuni. Na mkihesabu, muwahesabu na wale waliofika mlangoni wakageuka.